Shambulio la Pamoja

6 Februari

Sisimizi, mdogo wangu,

Sitaanza na "mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako," maana ulinionya kwamba nikiandika hivyo tena utanirudishia barua bila kuisoma. Basi ukweli ni huu: mgongo unauma, goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na mengine yote yako pale ulipoyaacha.

Simu yako ilinifurahisha, lakini unanijua. Nikishika simu nasema "salama, salama kabisa," kisha natazama ukuta mpaka salio lako linakwisha. Kwenye karatasi ndiko ninakojua kuongea. Nimeikata maisha yangu yote, labda imenionea huruma.

Humu ndani kuna kifurushi. Usicheke. Nimetunga mchezo wa karata, unaitwa Mazimwi Saba. Nimeukata mwenyewe kwa masalio ya manila pale kiwandani kwetu tunapochapa kalenda, na picha nimezichora kwa kalamu ya wino, ndiyo maana zimwi la tatu linafanana na mjomba. Katika mchezo huu hakuna anayemshinda mwenzake. Wachezaji wanne wako upande mmoja. Ama mnashinda wote, ama mnaliwa wote.

Kila mtu anapewa karata tano zenye namba, kuanzia moja hadi tisa, na hamwonyeshi mwenzake. Zimwi linafunuliwa katikati ya meza likiwa na namba ya nguvu zake, tuseme kumi na mbili. Karata ya kumi na mbili hakuna, kwa hiyo peke yako huliwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo mmoja anauliza, "Nani yuko nami?" Wanaokubali kuingia wanaweka karata moja moja kifudifudi, bila kusema neno, bila kukonyeza, bila kukohoa. Mnafunua, mnajumlisha. Jumla ikipungua, zimwi linawapiga wote walioingia. Ikiwa sawa, au ikizidi kwa moja au mbili, zimwi limekufa. Ikizidi hapo, silaha zenu zinagongana hewani na mnaumizana wenyewe. Hilo ndilo shambulio la pamoja, na ndio moyo wa mchezo.

Bosi ameuona. Alizigeuzageuza karata kama mtu anayekagua samaki sokoni, akasema, "Fundi, nitakuchapia. Lakini nihakikishie kwamba watu wanaweza kuucheza. Watu, si wewe." Hapo ndipo penye kazi. Tangu wifi yako atutoke, meza yangu ina kiti kimoja tu kinachokaliwa. Majirani ni wa "hujambo, sijambo" mlangoni. Mchezo wa watu wanne niujaribu na nani, na hayo mazimwi?

Wewe umo katikati ya watu. Cheza nao, kisha uniandikie palipo pagumu na panapochosha, hasa hilo shambulio. Miaka yote hii nakata kalenda za watu wengine. Natamani kitu kimoja kitoke kwenye mashine ile kikiwa changu.

Kaka yako,
Mkasi


27 Februari

Kaka Mkasi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, kona moja imejikunja lakini karata zote zimo. Lile zimwi la tatu limenichekesha mpaka nikaona aibu. Kaka, ni mjomba mtupu, hata pua.

Unajua kwenye simu nasema "kazi iko" basi. Kazi yenyewe ni kufua mashuka ya hospitali. Si kwa mikono; kuna mashine kubwa kuliko chumba changu, ingawa chumba changu si cha kujivunia. Mashuka yanaingia upande mmoja yakiwa hayatazamiki, yanatoka upande wa pili meupe, nami nayakung'uta na kuyalisha kwenye rola ya pasi. Mvuke umetanda mpaka mwenzio unamwona kama kivuli. Kelele zinakata neno kabla halijafika kwa mtu. Kwa hiyo ukisikia kengele ya mapumziko unashukuru.

Sasa watu wenyewe ndio hawa. Kuna Fundi Boila, wa mtambo wa mvuke, mwenye kovu la kuungua mkononi, ambaye hupuliza chai hata ikiwa imeshapoa. Kuna Mama Pasi, mkubwa wa rola, akicheka anaziba mdomo kwa kitambaa. Na kuna Mzee wa Toroli, anasukuma mashuka huku akiimba puani, wimbo uleule asubuhi hadi jioni. Nilizitoa karata kantini nikasema, "Karibuni." Wakaja wote watatu, vikombe mkononi.

Kaka, mchezo ni mtamu! Tumeua mazimwi yote saba. Kila tuliposhambulia pamoja tulilipata, hata lile la ishirini na moja. Mama Pasi alitaka turudie hapohapo, kengele ikatuzuia.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu. Ulisema watu ni watu popote, na ndivyo ilivyo.

Wako,
Sisimizi


20 Machi

Sisimizi wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa nikaisoma tena, kesho yake nikaenda nayo kazini. Bosi nimemsomea ile sehemu ya Mama Pasi kutaka kurudia. Amekuna kidevu. Kwake hiyo ni karibu na kupiga makofi.

Mwambie Mama Pasi kwamba namshukuru, na kwamba mtu anayeziba mdomo akicheka ni mtu aliyelelewa vizuri. Mwulize alikaa upande gani wa meza. Mwulize alipoingia kwenye shambulio la ishirini na moja aliweka karata gani na kwa nini, maana anaonekana ana akili ya mchezo. Fundi Boila naye mwambie apulize chai yake bila haya, mimi hufanya hivyohivyo. Mzee wa Toroli ningependa kujua anaimba wimbo gani. Nimewachora wote watatu kama ninavyowaona, nimewabandika juu ya meza ninapolia chakula. Sasa nikiwa nakula si kama zamani.

Jambo moja tu. Mnashinda mno. Mchezo usio na hofu ni mchezo wa watoto. Nimeamua kukaza kanuni: badala ya kuzidi kwa moja au mbili, ruhusa ni kuzidi kwa moja tu. Jaribuni hivyo.

Natumaini barua hii utaipata mapema. Wasalimie sana.

Kaka yako,
Mkasi


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tumejaribu kama ulivyosema. Tumeshinda tena.

Mama Pasi anakaa upande wa dirishani, hapendi upepo wa feni. Kwenye ishirini na moja aliweka sita. Kwa nini, sijui, alisema moyo wake ulimwambia sita. Fundi Boila aliweka nane, Mzee wa Toroli aliweka tatu na mimi nne. Wimbo wa Mzee hauna maneno, au labda anayo na sisi hatuyasikii kwa sababu ya mashine.

Huku mvua haikatiki. Ukuta wa chumba changu umeota ukungu kwa nyuma ya kitanda, nimehamisha mto upande wa pili. Mwenye nyumba anasema nifungue dirisha, lakini dirisha lenyewe linaangalia ukuta wa jirani, na ukuta wa jirani una ukungu kuliko wangu.

Wewe je? Unapika, au bado ni mkate na chai? Niandikie habari zako pia, si za karata tu. Nani anakutazama goti hilo?

Sisimizi


2 Mei

Sisimizi,

Sita, nane, tatu, nne! Ishirini na moja kamili! Nimeijumlisha mara mbili kwa kalamu. Bila neno, bila kukonyeza! Hao watu wako wamekaa pamoja miaka mingapi? Hata mimi na wifi yako, tulioishi pamoja mpaka tukafanana, tusingeweza.

Basi nimekaza mpaka mwisho. Kanuni sasa ni moja: jumla iwe sawasawa na nguvu za zimwi. Ikizidi hata kwa moja, silaha zinagongana. Nimeshazikata karata upya, na Bosi amekubali kucheza. Jumamosi ijayo anakuja yeye, mkewe, na dereva wa gari letu la mizigo, nami nitakuwa wa nne. Nimewaeleza habari za timu yako, dereva anasema anataka kumwona huyo Mama Pasi. Bosi akiridhika tunachapa kabla mwezi haujaisha.

Goti ni lilelile, linatazamwa na mimi mwenyewe. Nimenunua viti viwili vya mitumba na cha tatu nimeazima kwa jirani. Ndiyo mara ya kwanza ameingia ndani kwangu. Alisema, "Kumbe kwako kuna mwanga hivi."

Wasalimie, na mniombee.

Mkasi


17 Mei

Sisimizi,

Imekuwa aibu tupu.

Hatukuua zimwi hata moja. Shambulio la kwanza tulipungukiwa, la pili tukazidi kwa moja, la tatu dereva aliweka tisa kwa sababu, alisema, "tisa ndiyo kubwa, sasa mnanilaumu nini?" Mke wa Bosi alijizuia kwa adabu, kisha akaweka karata zake mezani akasema amekumbuka ana nguo kwenye kamba. Bosi alibaki anatazama mazimwi yangu. Akaniuliza, bila ubaya, "Fundi, mchezo huu uliujaribu na nani, malaika?"

Nikamwambia kuna watu wanaoucheza na hawakosei. Akasema labda, lakini hatachapa mchezo unaowezwa na watu wanne tu dunia nzima.

Amenipa mpaka mwisho wa Julai nimpelekee kitu kingine. Mimi sidhani kama ninacho. Kukata ninajua, kutunga labda si kazi yangu. Nimerudisha kiti cha jirani.

Waulize wenzako wanafanyaje. Si kwa ajili ya Bosi. Nataka tu kujua.

Mkasi


5 Juni

Kaka,

Pole sana. Shikamoo, nimesahau kuanza nayo.

Wamezoeana tu, kaka, hakuna siri. Watu wakifanya kazi pamoja muda mrefu wanajuana. Usiuache mchezo. Huyo dereva ndiye aliyeharibu, na mke wa Bosi hakuwa na nia tangu mwanzo, ningekuwepo ningemwambia. Tafuta watu wengine ujaribu tena.

Nina zamu mbili leo, nitaandika vizuri siku nyingine.

Sisimizi


23 Juni

Mdogo wangu,

Jumapili iliyopita mvua ilininyima kutoka. Nilikaa mezani na zile karata, nikaona nijue mara moja kosa liko wapi. Nikagawa mikono minne. Nikacheza kiti cha kwanza, nikahamia cha pili, nikahamia cha tatu, goti likilalamika kila ninapozunguka. Cha nne hakipo, nilitumia ndoo niliyoigeuza.

Sikukosea hata shambulio moja. Kanuni ya kuzidi mbili, nikashinda. Kuzidi moja, nikashinda. Sawasawa kabisa, nikashinda. Kila nilipokaa kiti cha pili nilijua kilichomo mkononi mwa kiti cha kwanza, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa huu wangu. Nikichagua nane hapa, najua nimeiacha nne kule. Hata nilipojaribu kujisahaulisha, nikaangalia dirishani, nikaimba, nikarudi, bado nilijua. Mtu hawezi kujifichia mwenyewe siri.

Nikachukua barua zako zote nikazisoma tena. Sita, nane, tatu, nne.

Sisimizi, mezani kwako kuna nani mwingine?

Sijakasirika. Nakuapia, hata kidogo. Mchezo utapona, nimeshairudisha kanuni ya zamani ya kuzidi mbili, na watu wanatakiwa kukosea, sasa naelewa, kukosea ndiyo dalili kwamba wako wengi. Ninachofikiria ni mimi niliyekupeleka stendi nikakuambia watu ni watu popote. Ulikuwa umeshika begi lile kubwa, tangu utoto unabeba vitu vikubwa kuliko mwili wako, jina la Sisimizi hukulipata bure. Nami nikaona umepanda basi, nikaenda zangu kazini.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Mkasi


20 Julai

Sisimizi,

Nimepiga simu mara kadhaa. Inaita mpaka inakata. Najua uko hai kwa sababu mara moja ulipokea, nikasikia mashine kwa mbali, kisha ukakata.

Sikuulizi tena habari za meza. Niambie tu kama unakula.

Mkasi


12 Agosti

Kaka,

Ninakula.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikuwa na mahali pa kuipeleka ila kwako, nikaona bora nikae nayo kwanza. Sasa nakuletea, maana imenichosha.

Unajua barua yako ya Machi ilikuwa na nini? Mama Pasi alikaa upande gani. Mama Pasi aliweka karata gani. Mzee wa Toroli anaimba wimbo gani. Umewachora ukawabandika juu ya meza yako. Mimi uliniambia "natumaini utaipata mapema." Kaka, niliwaonea wivu watu niliowatunga mwenyewe! Nimecheka sasa kuandika hivyo, lakini siku ile sikucheka. Nikaona ukiwa nao unafurahi. Nikaona nikiwaondoa utabaki na mimi tu, na mimi sina habari. Habari zangu ni ukungu.

Nikuambie yaliyo kweli. Watu hao wapo. Fundi Boila ana kovu, Mama Pasi anaziba mdomo, Mzee anaimba puani. Nawajua kwa sababu nakaa meza ya pili kutoka kwao na ninaona kila kitu. Karata nilizitoa, hilo ni kweli. Nilisema, "Karibuni," hilo pia ni kweli. Mama Pasi alitazama akasema, "Kesho, binti, leo miguu yangu haina mwenyewe." Kesho yake akasema kesho. Si mtu mbaya, alikuwa amechoka kweli. Lakini siku ya tatu mimi ndiye niliyeshindwa kuzitoa mfukoni. Unajua nilivyo. Nikikataliwa kwa tabasamu naona heri nisingetoka ndani.

Chumbani sina meza. Nilikuwa nagawa karata kwenye pembe nne za kitanda. Pembe ya ukutani ilikuwa ya Mama Pasi. Nilikuwa nahama pembe kwa pembe, na nikifika pembe ya Fundi Boila nilikuwa napuliza chai yangu. Usimwambie mtu. Na kweli sikuwa nakosea, nikafikiri ni kwa sababu mchezo wako ni mzuri. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kushinda ndiko kutakakonifichua. Ningejua, ningekuandikia kwamba tumeliwa.

Basi mchezo wako nusura niuue, na ulikuwa umeazima kiti kwa jirani. Hilo la kiti ndilo lililoniliza, si aibu ya Bosi. Nisamehe.

Ila usije ukarudia kusema ni wewe uliyenipeleka stendi. Nilikwenda kwa miguu yangu. Na usiniambie nirudi. Nikirudi sasa nitakuwa nimefukuzwa na meza ya kantini.

Mdogo wako,
Sisimizi


1 Septemba

Sisimizi,

Sitakuambia urudi. Nilikuwa nimeshaiandika, nimeikata ile sehemu kwa mkasi, ndiyo maana karatasi hii ni fupi.

Nisamehe kwa Mama Pasi. Uliponiandikia kuhusu ukungu nilisoma haraka nifike kwenye karata. Nina upweke wa kijinga, mtu akinitajia watu watatu wanacheka mezani nasahau kumwuliza anayenitajia. Zile picha nimezibandua. Hapana, moja nimeiacha, lakini nimebadilisha uso, sasa ni wewe. Hukufanana sana. Pua imekuwa ya mjomba.

Mchezo umepona. Mwisho wa Julai nilimpelekea Bosi kanuni ya zamani, ya kuzidi mbili, akaja tena na mkewe na dereva, na jirani akaja na kiti chake akakikalia mwenyewe; mimi nikasimama kutazama. Wakaliwa na zimwi la tano. Mke wa Bosi alimpigia mumewe kelele, "Saba ya nini, na mimi nimeingia ili kukuokoa?" Wakabishana mpaka chai ikapoa, kisha akasema gawa tena. Bosi anachapa. Anaanza na seti chache, lakini anachapa, na mimi ndiye nitakayezikata.

Nilipaswa kufurahi zaidi. Walipoondoka nilibaki nafuta meza, nikaona kwamba wengine wote wamecheza, ila mtu niliyemtengenezea mchezo huu hajacheza na mtu hata mara moja.

Kwa hiyo sikiliza. Nimetunga kanuni ya mbali, ya watu wawili. Nimefumba macho, nimechanganya, nimekugawia karata tano na mimi tano. Zako zimo humu zimefungwa kwa karatasi, sijui ni zipi, nakuapia kwa mgongo wangu. Zimwi letu ni la kumi na mbili. Tunalishambulia pamoja: tarehe 25 Septemba wewe unatia karata moja kwenye bahasha na mimi natia moja, tunatuma siku hiyohiyo, zinapishana njiani. Jumla ikifika kumi na mbili, au ikizidi kwa moja au mbili, limekufa. Ikipungua linatupiga. Ikizidi hapo, silaha zinagongana. Kwenye simu hatutaji namba. Hapa hakuna wa kuhamia kiti cha mwenzake.

Nani yuko nami?

Kaka yako,
Mkasi


25 Septemba

Kaka Mkasi,

Shikamoo. Niko nawe. Karata yangu imo humu ndani, nimeikunjia karatasi ya sabuni kwa sababu nyingine sina.

Nimekaa na huu mkono wangu wiki nzima kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ukisoma hapa yako itakuwa imeshaondoka, kwa hiyo naweza kukuambia nilivyofikiri. Nilijiuliza, kaka angeweka nini? Kisha nikakumbuka wewe ni nani. Kwenye sahani ya nyama ulikuwa unachukua mfupa unasema ndiko kwenye utamu. Shati jipya likija nyumbani lilikuwa langu hata likiwa la kiume. Hata kama ulifumba macho, najua bahati zako, mkononi mwako kuna moja, mbili na tatu tupu, na umekaa kimya unajilaumu.

Nimeweka tisa. Ndiyo tisa pekee niliyokuwa nayo. Wewe ukiweka tatu inatosha kabisa, hata nne au tano ni sawa. Umenibeba tangu mama alipofariki, kaka, na hukuwahi kuniuliza kama ninaweza kushika upande mmoja.

Leo mchana nilikwenda na kikombe changu nikakaa meza ya dirishani. Sikutoa karata. Fundi Boila alisogeza kiti kidogo ili nipite. Hatukuongea mengi, mashine zilikuwa bado zinalia masikioni. Mama Pasi aliniuliza kama mimi ndiye ninayelisha rola asubuhi, nikasema ndiyo, akasema siku hizi mashuka hayaji na mikunjo. Basi. Nimekuandikia kama ilivyokuwa, sijaongeza kitu.

Tulia sasa. Zimwi hili nimelishika mimi.

Sisimizi


25 Septemba

Sisimizi wangu,

Niko posta, naandikia juu ya kaunta, na kalamu yao imefungwa kamba fupi mpaka naandika nimeinama. Nilitaka nikuandikie nyumbani lakini nilikuwa nabadilisha karata kila nikikaribia kufunga bahasha.

Unajua kilichonishinda? Nilipocheza peke yangu nilijua kila kitu. Leo sijui kitu. Nimesimama hapa mtu mzima, mvi kichwani, naogopa karata. Sijui umeshika nini. Sijui umelala vipi, kama ukungu umefika kwenye mto, kama jana mtu alikuambia neno. Nimebaki kukuwazia tu, na nikikuwazia nakuona umekaa pembeni ya kitanda, umeshika vikarata vidogo, umechoka, na bado unatafuta namna ya kunifurahisha mimi.

Basi sikutaka ujitese. Nilikuwa na tano nzuri tu, nikairudisha. Nilikuwa na sita, nikairudisha. Nimeweka tisa, mdogo wangu, ndiyo kubwa kuliko zote. Wewe tia yoyote, tia tatu, tia hata nne, na usiwaze.

Mwenye kaunta ananitazama, nyuma yangu kuna foleni. Nafunga. Umebeba vya kutosha huko peke yako. Pumzika, hili niachie mimi.

Kaka yako,
Mkasi